Usaili wa vyuo vikuu vya Marekani: uufanye au uuache, na jinsi ya kujiandaa

Kila mwaka, kati ya Novemba na Januari, napata ujumbe wa aina moja. "Mwalimu, kuna mtu ameniandikia barua pepe, anasema alisoma kile chuo nilichoomba, anataka tuonane mgahawani Jumamosi. Huyu si tapeli?" Mwaka juzi ujumbe huo ulinifikia ukiwa umechelewa siku tisa. Binti alikuwa ameiona barua, akaionyesha nyumbani, baba mtu akasema hakuna mtu mzima anayemwalika mtoto wa watu kahawa ya bure, na mambo yakaishia hapo. Kumbe mtu yule alikuwa wa kweli: mhitimu wa chuo, ameajiriwa hapa hapa mjini, anajitolea jioni zake kuwasaili waombaji. Tulipomjibu alikuwa ameshaandika kwamba mwombaji hakupatikana.

Nimekuwa nikiwasaidia vijana wa kidato cha sita na waliomaliza KCSE kuomba vyuo vya nje, na naona usaili ndicho kipande wanachokielewa vibaya kuliko vyote. Wengine wanauogopa kama mtihani wa taifa, wengine wanadhani ndio mlango wenyewe. Yote mawili yanawaponza.

Anayekuhoji ni nani

Kwanza futa picha ya kamati. Tumezoea usaili wa kazi: meza ndefu, watu watano wenye suti, maswali ya kukutega. Usaili wa chuo cha Marekani kwa kawaida ni mtu mmoja na wewe, dakika 30 hadi 45, mara chache saa nzima.

Mtu huyo ana sura tatu. Anaweza kuwa mhitimu wa kujitolea, na ukiwa Afrika Mashariki huyu ndiye utakayekutana naye zaidi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Georgetown wana mitandao ya wahitimu wa namna hii duniani. Anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyefunzwa kazi hiyo. Yale hutumia hawa pia, na hata vile vyuo vidogo vya shahada ya kwanza tu. Au anaweza kuwa afisa udahili mwenyewe, yule atakayesoma faili lako. Huyu wa mwisho ni adimu kwetu, na ukimpata usimwache.

Kuhusu mhitimu, kumbuka jambo moja: kwa kawaida hajaona maombi yako. Hajui alama zako, hajasoma insha yako, hajui walimu wameandika nini. Mara nyingi ana jina lako, shule yako, mawasiliano yako, na pengine fani unayoitaka. Kwa hiyo ukimwambia "kama nilivyoeleza kwenye insha yangu," atakutazama tu. Faida yake ni kwamba unaanza na ukurasa mweupe, na wewe ndiye unayechagua cha kuandika juu yake.

Vipo vyuo visivyosaili kabisa. Mfumo wa University of California, wenye Berkeley na UCLA ndani yake, hausaili waombaji wa kawaida wa shahada ya kwanza. Brown na Chicago waliachana na usaili wa zamani na badala yake mwombaji anaweza kutuma video fupi ya kujitambulisha. Kuna pia kampuni kama InitialView, ambazo hukuhoji kwa video na kuituma rekodi nzima chuoni bila kuihariri. Hizo hulipiwa, na baadhi ya vyuo huzikubali kama mbadala wa usaili wao. Kabla ya kutoa pesa, kiulize chuo kama kinaitaka rekodi hiyo na kama kuna msamaha wa ada. Lakini mhitimu wa chuo hatozi kitu. Anayesema anakusaili kwa niaba ya Harvard na anataka utume "ada ya usaili" kwa simu ni mwizi, mchana kweupe.

Usaili una thamani au hauna?

Jibu langu: ufanye, lakini usitegemee ukuingize.

Kesi ya ubaguzi wa rangi katika udahili dhidi ya Harvard, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, na ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuiamua Juni 2023, ilifungua makabati ambayo kwa kawaida hufungwa. Tuliona jinsi faili linavyopewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 6. Mhitimu anayekusaili naye hutoa alama zake, ikiwemo ya haiba. Lakini zake ni ushauri tu. Afisa wa ofisini ana alama zake mwenyewe. Mahakamani ilionekana kwamba waombaji wenye asili ya Asia walipewa na wahitimu waliokutana nao ana kwa ana alama za haiba zilizokaribiana na za Wazungu, ila maafisa ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona waliwapa alama za chini. Somo hapo ni la pande mbili. Aliyekuona anaweza kukutendea haki kuliko aliyekusoma kwenye karatasi. Na maoni ya aliyekuona yanaweza kuwekwa kando.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 1979 chuo kimoja cha udaktari huko Houston, Texas, kilikuwa kimeshasaili waombaji wake na kuchagua waliofanya vizuri. Bunge la jimbo likaagiza kiongeze wanafunzi 50. Waliobaki kwenye orodha walikuwa wale wa mkiani, waliokuwa wameshakataliwa, na wakachukuliwa hao. Miaka ikapita, watafiti wakalinganisha makundi mawili: hakukuwa na tofauti ya maana, darasani wala wodini. Usaili ulikuwa umewapanga watu kwa mpangilio usiobashiri chochote.

Nalisema hili ili upumue. Mtu anayekuhoji si mizani ya thamani yako. Na kihistoria usaili huu haukuzaliwa kwa nia njema: miaka ya 1920 vyuo vikubwa vya mashariki mwa Marekani viliingiwa na wasiwasi kwamba Wayahudi wengi mno walikuwa wanafaulu mitihani, vikaanza kudai picha, barua za sifa na usaili ili kupima "tabia". Mengi yamebadilika tangu hapo.

Kwa nini basi uufanye? Kwanza, ukipewa nafasi ukaikataa bila sababu, baadhi ya vyuo husoma kwamba huna hamu nao. (Usipopewa kwa sababu hakuna mhitimu karibu nawe, hilo halikuhesabiwi; vyuo vinasema hivyo wazi.) Pili, kwa mtu aliyesoma shule ambayo afisa wa Boston hajawahi kuisikia, sentensi tatu za mtu anayeijua nchi yako zinaweza kulipatia faili lako sura. Tatu, ni nafasi yako wewe kumhoji mtu aliyeishi pale.

Njia ya kujua uzito wake katika chuo chako ni rahisi na ni bure. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha waraka wa kila mwaka uitwao Common Data Set. Tafuta jina hilo mtandaoni pamoja na jina la chuo, fungua sehemu ya C7. Humo kuna jedwali linaloonyesha kila kigezo, usaili ukiwemo, kama ni muhimu sana, muhimu, unazingatiwa au hauzingatiwi. Angalia na mstari wa hamu ya mwombaji. Dakika tano hizo zitakuokolea wiki za ubishi kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ninapomshauri mtu auache ni pale tu ambapo usaili ni wa hiari kabisa, ni wa kupeana taarifa, na mwombaji hajawahi kuzungumza Kiingereza dakika 20 mfululizo na zimebaki siku chache. Huyo atatoka na jasho bila faida. Akiwa na miezi miwili, afanye mazoezi na aende.

Hatua ya 1: Jua utaratibu mapema

Vyuo vingi vyenye wahitimu hukupangia wenyewe baada ya kutuma maombi, huombi chochote. Vingine, hasa vyuo vidogo, vinataka ujiandikishe mwenyewe kwenye tovuti yao, na nafasi hujaa kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo mwezi Agosti au Septemba, uandike kwenye daftari: kinasaili au hakisaili, nani anaanza, mwisho lini.

Hatua ya 2: Linda barua pepe yako

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi kuliko ndani ya usaili wenyewe. Mwanafunzi wa bweni hana simu. Mwenzake yuko kambini JKT. Mwingine alifungua barua pepe kwenye kafe ya mtandao, akasahau nywila.

Tumia anwani moja tu katika maombi yote, yenye jina lako halisi. Mpe mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mwalimu au dada, jukumu la kuifungua kila siku kuanzia katikati ya Oktoba ikiwa wewe huwezi. Afungue hadi folda ya barua taka, maana huko ndiko barua za wahitimu hupenda kulala.

Ukiwa na shaka kama aliyekuandikia ni wa kweli, usinyamaze. Iandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo, uliza kama mtu huyo ni msaili wao. Wanajibu, na hawakasiriki.

Jibu ndani ya siku moja. Mistari minne inatosha: asante, ndiyo ningependa, siku na saa mbili au tatu ninazoweza, namba yangu ya simu. Achana na ile barua ya kuomba kazi ya kidato cha pili yenye anwani mbili na YAH iliyopigiwa mstari. Kama siku aliyopendekeza una karatasi ya mtihani, mwambie hivyo. Kila msaili anaelewa neno mtihani.

Hatua ya 3: Saa

Nimeona kijana mwerevu kabisa akikosa usaili kwa sababu alisoma 8:00 PM akaenda saa nane. Andika saa zote mbili kwenye karatasi, ya Kiingereza na ya Kiswahili, uibandike ukutani.

Halafu kuna mtego wa Wamarekani wenyewe, wanaorudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kabla ya siku hiyo, saa sita mchana ya Boston au New York ni saa moja usiku kwetu. Baada yake ni saa mbili usiku. California wako nyuma yetu kwa saa 11 kipindi cha baridi, hivyo asubuhi yao saa tatu ni usiku wetu saa mbili. Unapojibu, andika "saa za Afrika Mashariki" kila unapotaja saa, hata kama unahisi unajirudia.

Hatua ya 4: Tayarisha visa vyako

Hii ndiyo kazi yenyewe, na nitakaa hapa kidogo.

Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto mwenye adabu hajisifu, hamkazii macho mkubwa, na akiulizwa alichofanya anasema "tulifanya". Huo ni uungwana na sikuambii uutupe. Lakini msaili ana dakika 40 na karatasi tupu, na kizuri kisichojitembeza hatakiona. Ukisema "tulianzisha klabu", ataandika kwamba kulikuwa na klabu. Wewe ulifanya nini?

Kusema ulichofanya si majigambo. Majigambo ni kujipa sifa: mimi ni kiongozi hodari, mimi ni mchapakazi. Usijipe sifa hata moja. Simulia tukio, sifa aziokote yeye mwenyewe.

Tazama majibu haya mawili. La kwanza: "Nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira. Tulipanda miti na kuelimisha jamii kuhusu umuhimu wa mazingira. Nilijifunza uongozi na ushirikiano." La pili: "Tulipanda miche 200 ya mwarobaini nyuma ya bweni. Wiki ya tatu mbuzi wa jirani wakala karibu nusu. Wenzangu walitaka tuwakamate tudai fidia. Mimi nikaenda kwa yule mzee jioni, nikakuta zizi lake limebomoka na hana nguvu ya kulijenga. Jumamosi tukalijenga. Miti iliyobaki ipo mpaka leo, na mzee ndiye anayeifukuzia mbuzi wa watu wengine." La kwanza nimelisikia mara mia na sikumbuki nani alilisema. La pili lina mbuzi.

Kaa chini na daftari, utafute visa sita au saba vya namna hiyo. Kimoja kuhusu somo unalolipenda mpaka ukalifuata nje ya silabasi. Kimoja kuhusu kitu ulichokosea na ukakirekebisha, au hukukirekebisha. Kimoja kuhusu kutofautiana na mtu. Kimoja kuhusu nyumbani.

Cha nyumbani vijana wetu hukificha, na ni kosa. Anayeamka saa kumi kumsaidia mama kukaanga vitumbua kabla ya shule, anayelea wadogo zake, anayeendesha duka la shangazi wakati wa likizo na anajua nani hukopa na nani hulipa, huyo ana shughuli ya nje ya darasa. Hata Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, yenye nafasi ya shughuli kumi, ina kipengele cha majukumu ya familia na kingine cha kazi ya kulipwa. Vitaje vitumbua. Eleza hesabu yake.

Ila usiuze umaskini. Kuna uvumi mitaani kwamba Wamarekani wanataka kusikia njaa na yatima, na nimesikia watoto wenye wazazi wawili na gari wakitunga dhiki. Mhitimu anayeishi Nairobi au Dar ananusa uongo huo kabla hujamaliza sentensi. Na kama shida ni ya kweli, isimulie kwa kadiri unayotaka wewe, kisha useme ulifanya nini. Huna deni la kumlilia mtu usiyemjua.

Kila kisa kiandike kwa maneno muhimu matano tu. Usikiandike chote. Ukikiandika utakikariri, na ukikikariri kitasikika kama shairi la mahafali.

Hatua ya 5: Kijue chuo kama unayehamia

Swali la "kwa nini sisi" litakuja, na jibu la "kwa sababu ni miongoni mwa vyuo bora duniani" halijamsaidia mtu. Fungua tovuti ya idara unayoitaka. Tafuta kozi mbili ambazo ungezichukua kesho. Soma gazeti la wanafunzi la mtandaoni, maana hapo ndipo utajua wanagombana kuhusu nini. Kisha unganisha: nimefanya hiki hapa nyumbani, nimekwama hapa, na pale kwenu kuna maabara au kozi au kikundi kitakachonitoa nilipokwama.

Hatua ya 6: Maswali yatakayokuja

"Niambie kuhusu wewe." Kila mmoja wetu ana jibu moja lililojengeka kichwani tangu shule ya msingi: naitwa fulani, ni mtoto wa pili katika familia ya watoto sita, baba yangu ni mkulima. Si dhambi, lakini umeipoteza dakika ya kwanza kwa mambo ambayo hukuyafanya wewe. Anza na kinachokushughulisha sasa: "Miezi hii nimekuwa nikijaribu kuelewa kwa nini kisima cha mtaani kwetu hutoa maji ya chumvi wakati wa kiangazi." Mazungumzo yameanza.

Ataweza kukuuliza kitabu ulichosoma. Usitaje cha kumfurahisha ambacho hukukimaliza, kwa sababu swali la pili huwa "mwisho wake uliuonaje?" Tamthilia ya Kiswahili mliyoisoma darasani ni jibu zuri sana kama una la kusema juu yake, hata kama yeye hajawahi kuisikia. Kumweleza mtu kitabu asichokijua ni nafasi ya dhahabu ya kuonyesha unavyofikiri.

Atauliza changamoto, atauliza ungebadilisha nini shuleni kwako, atauliza unafanya nini usipokuwa na la kufanya. Ukiulizwa vyuo vingine ulivyoomba, huna wajibu wa kuvitaja. Sema kwa upole kwamba umeomba kadhaa vinavyofanana na hiki. Ukipata swali usilolitarajia, nyamaza kidogo. Mwambie unahitaji sekunde chache kufikiri. Kimya cha sekunde tano kwako ni karne, kwake ni kunywa funda moja la kahawa.

Mwishoni atasema, "Una maswali kwangu?" Kusema "hapana, asante" kwetu ni heshima, kwao ni kukosa hamu. Beba matatu. Muulize lililo kichwani mwake, lisiloko kwenye tovuti: nini kilimshinda mwaka wa kwanza, ni mwalimu gani bado anamkumbuka, wanafunzi kutoka Afrika hukaa wapi likizo fupi mabweni yanapofungwa, angebadilisha nini pale. Usimuulize kama utapata nafasi, wala msaada wa fedha. Hana mamlaka juu ya vyote viwili. Suala la ada lina watu wake, na lina sera zake: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kwa mfano, huamua kumchukua mwombaji wa nje bila kuangalia kama familia ina pesa, ilhali vyuo vingi vingine huangalia.

Hatua ya 7: Mazoezi ya mdomo

Kusoma mwongozo huu si mazoezi. Tafuta mtu ambaye si rafiki yako wa karibu, akuhoji kwa Kiingereza dakika 30, mara tatu, kwa wiki tatu. Mwalimu wa fasihi, jirani aliyesoma nje, mchungaji, yeyote. Vituo vya EducationUSA, vinavyofanya kazi chini ya serikali ya Marekani, vipo Nairobi na Dar es Salaam na hutoa ushauri wa maombi bila malipo, waulize.

Rekodi sauti kwa simu, usikilize. Utachukia sauti yako, vumilia. Hesabu mara ulizosema "tu-" pale ulipopaswa kusema "ni-". Angalia jibu lolote linalozidi dakika mbili, ulikate. Lafudhi iache ilivyo. Hakuna anayetaka uongee kama mtangazaji. Anataka akusikie, kwa hiyo punguza mwendo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ana kwa ana, mahali pa kuonana pawe pa hadhara: mgahawa, maktaba, ofisini saa za kazi. Akipendekeza nyumbani kwake au chumba cha hoteli, omba mahali pengine, na akikataa, iarifu ofisi ya udahili. Mzazi anaweza kukusindikiza, ila akae meza ya mbali au arudi baadaye. Wazazi wangu, nawaombeni kwa heshima: msisogeze kiti.

Vaa nguo safi iliyopigwa pasi, isiyokubana. Suti ya kuazima itakufanya uwaze mabega yako. Toka nyumbani ukiihesabu foleni. Akikuagizia chai, pokea, na chagua kinywaji kisichohitaji uma wala kisu. Kama ni Mtanzania au Mkenya aliyekuzidi umri, msalimie kama mtu mzima wa kwenu anavyosalimiwa, shikamoo ikiwemo, kisha muendelee kwa Kiingereza. Kama ni Mmarekani akakuambia umwite kwa jina la kwanza, mwite. Najua ulimi utagoma.

Kwa video, bando kwanza. Saa moja ya Zoom ya watu wawili hula kati ya nusu GB na GB moja na nusu, basi weka GB tatu. Chaji simu na kompyuta tangu asubuhi, na uwe na laini ya pili ya mtandao mwingine. Siku moja kabla, mwandikie msaili kwamba umeme huweza kukatika, na umpe namba ya WhatsApp. Ukikatika kweli, hutahitaji kujieleza. Iegemeze simu kwenye vitabu ilingane na macho, taa iwe mbele yako na si nyuma ya kisogo. Tazama tundu la kamera unapozungumza. Jogoo akiwika au adhana ikilia, tabasamu uendelee.

Usijibu kwa kusoma karatasi. Macho yanayokwenda kulia kushoto yanaonekana hata kwenye kioo kidogo.

Oxford na Cambridge ni habari nyingine

Uingereza, usaili wa vyuo hivi viwili hauna uhusiano wowote na kahawa. Maombi hufungwa 15 Oktoba, usaili hufanyika Desemba, na wanaokuhoji ni wahadhiri watakaokufundisha. Oxford hupokea zaidi ya waombaji 20,000, huwaita kama 10,000, kwa nafasi zipatazo 3,300. Hapo usaili una uzito wa kweli. Watakupa tatizo la hesabu, shairi au grafu ambayo hujaiona, wakutazame unavyohangaika nayo kwa sauti. Visa vya mbuzi havitakusaidia. Jiandae kwa kutatua maswali magumu ukimweleza mtu kila hatua unayowaza, na ujifunze kusema "nimekosea, ngoja nirudi nyuma" bila kuvunjika.

Usichanganye pia na usaili wa viza ubalozini. Huo ni wa dakika chache dirishani, na majibu yake ni mafupi.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Ndani ya saa 24 tuma barua pepe ya shukrani, sentensi tatu, ukitaja jambo moja mahususi mlilolizungumza. Usiambatanishe vyeti. Usimtumie zawadi. Usimwandikie kila wiki kuuliza kumeendaje, maana hajui. Akishatuma taarifa yake, kazi yake imekwisha. Majibu ya walioomba mapema hutoka katikati ya Desemba, ya wengine mwishoni mwa Machi.

Kama msaili alikuuliza mambo yasiyofaa, alichelewa saa nzima, au mtandao uliwashinda kabisa, iandikie ofisi ya udahili kwa lugha ya kawaida, ueleze kilichotokea. Mara nyingi hupanga mwingine.

Ndivyo alivyofanya yule binti wa kahawa. Wakampangia mhitimu mwingine, kwa video, saa nne usiku, baba yake akiwa amekaa sebuleni kazima televisheni. Chuo hicho hakikumchukua. Kilimchukua kingine, ambacho hakikumsaili kabisa. Yule mhitimu wa pili ndiye aliyemweleza anunue koti la aina gani.